Duka la Dawa Alilolifagia Mama

Kwa miaka mingi nimejiuliza swali hili bila kulimaliza: je, mtu anaweza kuitii sheria iliyo njema na bado akawa amemdhulumu aliyemzaa? Naomba ukurasa huu unifichie jina, maana kwetu Ugweno, milimani Upareni, tunajuana. Nina miaka sabini na mitatu, ni mfamasia mstaafu, naishi Same mjini.

Enzi za Ujamaa, nikiwa chuo kikuu, kijiji chetu kiliamua kuwa na duka la dawa. Mgonjwa alibebwa kwa machela hadi Lembeni, chini tambarare, kutafuta dawa, mtoto kwa mbeleko, na wengine, akiwamo mdogo wangu wa kike, hawakufika. Mama aliulizia masharti ya kibali, akayatangaza mkutanoni: sakafu ya saruji, maji, kabati la kufuli la dawa za sumu, na mfamasia aliyesajiliwa awepo wakati wote duka liwapo wazi. Watu wakaitana msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, kama tufanyavyo Wapare kwa mfereji au barabara. Wanawake walipandisha mchanga vichwani. Kuhusu sharti la mwisho mama alicheka: "Hilo msilihangaikie. Mfamasia nimemzaa mwenyewe."

Kumbe wahitimu wa wakati ule tulipangiwa kazi na serikali. Nilipelekwa hospitali, Same. Nilipoomba kurudi kijijini, mkubwa wangu wa kazi alinijibu kwa upole, "Binti, ukienda kwenu, hawa wa tambarare niwape nani?" Nikarudi kazini.

Mkaguzi alipopanda kulitazama duka, nami nikiwa nimekuja kwa ruhusa ya siku moja, alisifu kila kitu, kisha akauliza nani atakaa humo. Wote wakanitazama. Bibi mmoja jirani akasema, "Andika huyu. Jumapili atakuja, siku nyingine mama yake atatuuzia. Kwani dawa inamjua aliyeishika?" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alinivuta nyuma ya ukuta, chokaa ikiwa bado mbichi.

"Nipe jina tu, mwanangu. Kukaa nitakaa mimi."

"Mama, vipimo vya dawa huvijui."

"Nilijua kumbeba mdogo wako mpaka akanifia mgongoni."

Nilikataa. Niliwaza mtoto wa mtu akinyweshwa dozi ya mtu mzima kwa jina langu. Nadhani niliwaza sawasawa. Ila waliokosa dawa kwa sababu ya kuwaza kwangu sikuwahi kuwaona, na huenda ndiyo maana iliniwia rahisi.

Kibali hakikutoka. Mama alilifagia duka lile tupu kila asubuhi hadi alipougua. Nilipomtembelea aliitikia shikamoo yangu, akanipikia, lakini hakuniita tena mwanangu. Aliniita "mtaalamu". Hata siku yake ya mwisho, nilipoingia, aliwaambia waliomzunguka, "Mpeni mtaalamu chakula, ametoka mbali."

Sasa mdogo wangu wa kiume amelikarabati duka. Sharti la mfamasia bado lipo, nami magoti hayanipandishi mlimani. "Dada, weka jina tu," kaniambia, "kukaa nitakaa mimi." Nikikubali, nitakuwa nimempa yeye nilichomnyima mama. Nikikataa, nitalifunga duka la mama mara ya pili.

Nishaurini, nifanye nini? Mwenye haki ya kunijibu amezikwa nyuma ya ukuta uleule, na alipokuwa hai sikuthubutu kumuuliza kama alinielewa.