Mgeni Aliyemaliza Sahani

Miaka minane nilikuwa Japani, mpiga picha wa majarida ya safari. Nimepiga mahekalu, nimepiga treni, nimewapiga mabibi wa watu wakichuma chai. Picha ya mama yangu mzazi sikuwa nayo hata moja. Kila nikiinua kamera anajifunika uso kwa mtandio: "Hebu niondokee! Kapige majani yako huko!"

Niliporudi Maskati, wazee wangu walikohamia kutoka Unguja, jarida moja la Japani likanipa kazi: staftahi ya nyumba ya Kizanzibari. Mhariri akasema atakuja mwenyewe, na kwenye ukurasa wa mbele anataka uso wa mpishi. Mpishi ni mama. Nikamjibu hapana shida. Mwongo mkubwa mimi!

Asubuhi mhariri akafika kwetu, mtaa wa Ansab. Viatu kavivua, kavipanga vizuri mlangoni, na mama akampenda hapo hapo. "Huyu kalelewa," akasema. Akamwandalia mkate wa kumimina, vitumbua na mbaazi za nazi.

Sasa, kwao Japani kubakisha chakula ni utovu wa adabu. Bibi mwenye nyumba wangu kule aliwahi kuninunia siku nzima kwa sababu ya punje za wali. Kwetu sahani ikiwa tupu, mgeni hajashiba, na aibu ni ya mwenye nyumba. Mhariri akamaliza, mama akajaza. Akamaliza tena, mama akajaza tena. Mimi nayajua yote hayo na nikanyamaza kimya. Mtu huyu aliwahi kunipandisha mlima mara tatu kwa ajili ya jani moja jekundu. Mwache ale.

Sahani ya tano, jasho linamtoka. "Maskini," mama akaniambia kwa Kiswahili, "kwao kuna njaa?" Akaja na upawa wa mbaazi. Mhariri akaifunika sahani kwa viganja vyote viwili, kainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mama akaangua kicheko, akasahau kujifunika. Nikabonyeza.

"Umenipiga, we?"

"Nimekupiga, mama. Nisamehe."

"Lete nione."

Aliitazama sana, kicheko kikamwisha. "Huyu si mimi. Huyu mama." Bibi yangu alibaki Unguja, akafia huko, na picha hakuacha. "Nlishausahau uso wake, mwanangu. Kumbe nnao mwenyewe."

Mhariri akachungulia, akapiga makofi: hiyo ndiyo ya ukurasa wa mbele! Nilimtazama mama. Akatikisa kichwa kukataa. Nikamwambia mhariri picha hiyo haitoki humu ndani, na roho iliniuma, wallahi, maana sijapata kupiga nzuri kama ile.

Jarida likatoka na picha ya sahani tupu, safi kama imelambwa. Kazi nyingine hawajanipa mpaka leo.

Ile ya mama nimeichapa, anaiweka kabatini katikati ya kanga zake. Kila asubuhi anaitoa, anaifuta kwa pindo la mtandio.

"Shikamoo, mama," anaiamkia.