Kilichoiangusha Ndege ya Mafundi wa Chai

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Msemo huo nimeusikia matangani, sokoni, hata kanisani, na kila ninapousikia ulimi huniwasha. Ajali nyingi zina kinga. Tena kinga yenyewe mara nyingi huwa kitu kidogo mno, ndiyo maana hatukioni. Tunatafuta kikubwa kinacholingana na hasara. Mimi naijua ajali moja ya ndege iliyotokea kwetu, upande wa Nyamira, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Naijua kwa sababu mtu aliyekuwa na mkono ndani yake alikuwa mume wangu.

Kampuni moja ndogo ya Nairobi, ambayo imekwisha kufa siku nyingi, ilikuwa na ndege ya injini moja iliyoleta vipuri na mafundi wa viwanda vya chai. Ilitua kwenye uwanja wa nyasi mgongoni mwa kilima chetu. Mume wangu ndiye aliyeutunza uwanja huo. Alifyeka nyasi, akafukuza mbuzi, na rubani alipotaka petroli, aliipampu kwa mkono kutoka kwenye mapipa. Alikuwa na koti la kazi lenye vifungo vya shaba, na alilivaa hata kwenda soko la Daraja Mbili kununua mbegu za mboga. Nilimcheka, lakini moyoni nilimwonea fahari.

Ndege zile za propela zilianguka kwa mambo ambayo mtu hawezi kuyadhania. Rubani, Mzungu mchangamfu aliyependa chai yangu, alitueleza bila kuombwa. Kulikuwa na ukungu unaoshuka kilimani ghafla. Kulikuwa na mzigo mzito kwenye uwanja mfupi, huku hewa ya milimani ikiwa nyepesi na mabawa hayapati cha kushika. Kabureta iliweza kuganda barafu ndani hata siku ya jua. Na maji, akasema, maji kwenye petroli ndiyo mbaya kuliko yote, maana injini haiyanywi. Kwa hiyo alimwagiza mume wangu ayalaze mapipa ubavu, na vizibo vyake vikae pembeni, vizamishwe na petroli kwa ndani. Mume wangu akayalaza.

Sasa, anayetoka kwetu anajua pipa lililolala maana yake nini. Ni pipa tupu. Kila boma la watu wenye heshima lilikuwa na pipa lake limesimama chini ya upenu, likikinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Mapipa yakilala uani, wapita njia husema mwenye boma ni mlevi, au mke wake ni mvivu. Basi siku moja ikaja habari kwamba mkubwa wa kampuni atakuja kukagua. Mume wangu aliyatazama mapipa yake yaliyolala kwenye nyasi, akaona aibu. Akayasimamisha yote, akayapanga chini ya upenu wa stoo, akafagia mahali pote. Mkubwa alikuja, akaondoka bila hata kuyaangalia. Mapipa yakabaki pale pale.

Na kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri.

Ndege ilianguka siku ya Jumamosi. Sisi Wasabato tulikuwa tunatoka ibadani. Ilikuwa imepaa vizuri, ikavuka miti ya mwisho wa uwanja, kisha injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Ule unyamavu ndio ulionitisha. Ikajaribu kugeuka ili irudi, bawa moja likazama, ikaingia kwenye chai. Tulipofika, fundi aliyepanda alikuwa ameketi kando akishika mkono uliovunjika, na rubani alikuwa hai lakini hajui alipo. Wanaume walimbeba juu ya mlango wa stoo uliong'olewa hadi barabarani. Mume wangu alikuwa mbele, koti limejaa damu, analia waziwazi.

Habari ilipofika Daraja Mbili, ilikuwa imekwisha kuota mabawa mapya. Wenzetu wa kanisa walisema imeanguka kwa kuruka siku ya Sabato. Wakatoliki hawakuipenda sababu hiyo, kwa kuwa wao Jumamosi walikuwa wakichuma chai. Lakini ilikuwapo sababu ya pili ambayo makanisa yote mawili yalipatana juu yake, na kupatana kwao kulinitia hofu.

Mwisho wa uwanja aliishi mjane mzee, hana mtoto wa kiume. Ndege ilikuwa imemtishia ng'ombe wake hata akakauka maziwa. Wiki chache kabla ya ajali, alisimama shambani, akaipungia ngumi, akapiga kelele: "Siku moja utaanguka, wewe!" Wanawake wote waliokuwa kisimani walimsikia. Nami nilikuwapo, na nilicheka. Baada ya ajali hakuna aliyecheka. Aliitwa omorogi, mchawi, kwanza kwa kunong'onezana, halafu mbele yake. Hakuna aliyekwenda kuomba moto kwake, na vijana walilitupia mawe paa lake. Na kwetu sote tulijua mawe yakianza, moto hauko mbali.

Kisha akaja mchunguzi kutoka Nairobi, Mzungu mrefu wa maneno machache. Alifungua kabureta pale pale kwenye chai, kisha akapanda hadi stoo. Mimi nilikuwa nimepeleka chai. Alichota kutoka chini kabisa ya pipa, akamimina kwenye chupa ya soda, akaiweka juani. Tukatazama. Petroli ilikaa juu, na chini yake yalikaa maji, meupe, yamejitenga kabisa. Akaonyesha kifuniko cha pipa, jinsi mvua inavyotuama juu yake. Mchana pipa linapata joto na kupumua nje. Mvua ikilipoza linavuta ndani, na linavuta hayo maji kupitia kizibo.

"Hii pipa nani alisimamisha?" akauliza.

"Sijui, bwana," mume wangu akajibu. "Ilikuja hivyo."

Mchunguzi alimtazama, wala hakugombana naye. Alisema ndege haianguki kwa kosa moja: ngozi ya kuchujia petroli ilikuwa imetoboka, na rubani, kwa kuharakisha kupaa kabla ya mawingu, hakutoa matone ya chini ya tangi kuangalia kama yana maji. Kisha akapanda gari lake. Ukweli wote ukaenda Nairobi, na kilimani tukabaki na mchawi.

Jioni ile nilimwekea mume wangu chakula, sikuketi.

"Baba watoto," nikamwambia, "unajua kilichoiangusha ile ndege."

"Unataka nifungwe?"

"Nataka mama wa watu asichomwe."

"Mimi sijamtaja mtu yeyote."

"Hujamtaja, lakini umejificha nyuma yake. Huyo mama ni mwembamba, baba watoto, hatakufunika."

Akasukuma sahani. Akasema nina mdomo. Ni kweli, ninao, na siku hiyo niliutumia wote. Nilimwambia mimi ninaweza kuishi na mume aliyekosea, maana nani hajakosea, lakini siwezi kulala kitanda kimoja na mtu anayeota moto wa nyumba ya mjane. Nikamwambia akinyamaza nitarudi kwetu na watoto, na sikuwa natania. Aliketi akilikunjua na kulikunja lile koti lililokuwa halijatakata damu.

Chifu aliitisha baraza. Alikuwa mtu mwangalifu aliyetaka jambo liishe bila damu, kwa hiyo alikusudia kumshauri yule mama ahamie kwa ndugu zake, mbali. Hilo ndilo lililoitwa huruma. Mama aliletwa, akakalishwa chini mbele yetu, amejifunika kitambaa, hatazami mtu. Wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja alieleza jinsi ngumi ilivyoinuliwa. Mwingine akakumbuka kuku waliokufa mwaka mwingine kabisa.

Ndipo mume wangu akasimama. Alikuwa amevaa shati tu. Alisema, "Ndege iliangushwa na maji, na maji yaliingia kwa sababu yangu." Akaeleza yote: agizo la rubani, aibu ya mapipa yaliyolala, mkubwa aliyekuja, upenu, mvua. Hakuficha hata lile jibu lake kwa mchunguzi. Kijana mmoja akacheka, eti pipa linaangushaje ndege. Mume wangu akaomba chupa, akatia mafuta ya taa na maji, akaitikisa, akaiinua juu ili watu waone vikitengana. Wazee waliipokea, wakaipitisha mkono kwa mkono. Kelele zikapungua, kisha zikaisha.

Kazi aliipoteza: alipoandika Nairobi kusema ukweli, kampuni haikumpeleka mahakamani ila ilimwachisha kazi. Rubani alipona, akabaki na mwendo wa kuchechemea. Tulirudi kwenye chai na migomba yetu, na njaa hatukuiona. Hayo niyaseme haraka, kwa kuwa siku ile hatukuyajua, na mume wangu alisimama bila kuyajua.

Chifu alimgeukia yule mama, akamwambia, "Mama, umesikia. Nenda nyumbani." Watu wakampisha. Lakini hakwenda. Aliinuka polepole, akamfikia mume wangu, akamshika mikono yote miwili, akaitazama kama anayetafuta kitu ndani yake. Mimi nilikuwa karibu, nikadhani atamlaani, na sikuwa na la kumlaumu.

"Una hakika?" akamuuliza. "Ni maji kweli?"

"Ni maji, mama. Ni mimi."

Alikuwa akilia, nami nikaanza kulia kabla hajasema neno.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba ni mimi."