Aliyeteka Macho ya Watoto

Muuguzi aliyewachezesha watoto katika kliniki yetu ya masikio pale Homa Bay alikuwa mama mnene, lakini aliketi sakafuni kutwa nzima. Kazi yake ilikuwa kuteka macho ya mtoto, huku mimi nikiwa nyuma nikitikisa kayamba, tuone kama atageuka. Alipanga vikombe vya plastiki gotini pake, akaviangusha, akavipanga tena. Wakati wa kupima hakuongea. Wala hakunitupia jicho hata mara moja, maana mtoto hufuata macho ya mtu mzima, akageuka bila kusikia chochote.

Asubuhi moja mwaka wa 1994 alikuja mama kutoka Kegonga, amempakata mwanawe Ryoba. Nilitikisa kayamba. Mtoto akatazama vikombe tu. Nikatikisa kwa nguvu. Mama akamsukuma kidogo kwa goti, naye akageuka.

"Usimsaidie, mama," muuguzi alisema kwa upole. "Tukimsaidia leo, hatutajua shida yake."

Tukarudia, na Ryoba hakugeuka. Mama akaanza kulia. "Kwa hivyo nyimbo zote hizo nimemwimbia bure?"

Muuguzi aliendelea kumchezesha mtoto, akicheka naye, ingawa yeye mwenyewe machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

"Huwa unamwimbia akiwa wapi?" muuguzi alimuuliza mama.

"Mgongoni."

"Basi mwimbie akiona uso wako."

Mama akamgeuza Ryoba, akaanza wimbo wa Kikuria kwa sauti iliyokwaruza. Mtoto akamkodolea macho, kisha akanyoosha mkono akamgusa midomo.