Mwiko Mmoja, Mama Wawili

Nyie vijana mnaosema lugha ngeni ni kazi ya wenye vyeti, kaeni niwaambie. Mimi shule niliiacha mapema, na Kijojia nilikianza uzeeni, Dubai, katika nyumba ya mwanangu kule Mirdif, ndege zikipita juu ya paa.

Mkamwana wangu kwao ni Jojia. Alipojifungua, mimi nilitoka Tanga na mamake akatoka kwao, tumlee arobaini yake. Mamake hakujua Kiswahili wala Kiingereza. Basi mkamwana, pale pale kitandani, akawa ananifundisha.

"Mushaob, unafanya kazi. Mimi nafanya kazi, je?"

"Mushaob."

"Hapo umenipa kazi mimi, mama, na mimi ni mzazi." Akacheka. "Tia v mbele. Vmushaob."

Nikaona si mbali na kwetu. Kwetu nako anayefanya hutangulia: nafanya, unafanya. Akiwa ni yeye, wao hutia s mwishoni: mushaobs. Tukiwa sisi, v mbele na t nyuma: vmushaobt. Niliyakariri nikikoroga uji wa pilipili manga.

Lakini kwetu mgeni hashiki sufuria. Kila mamake mkamwana alipoingia jikoni nilimpokonya mwiko, nikamkalisha sebuleni na chai. Asubuhi moja nikakuta sanduku lake mlangoni, mkamwana analia.

"Anasema nyumba hii ina mama tayari, yeye wa nini. Anarudi kwao."

Mwanangu alikuwa kazini Jebel Ali. Mzazi aachwe na mamake ndani ya arobaini? Nilichukua mwiko, nikamfuata mlangoni, nikamtia mkononi. Nikajigonga kifua, nikamgusa na yeye. "Chven vmushaobt." Sisi tunafanya kazi.

Alinitazama. Akanisahihisha matamshi kwanza, kama mwalimu, ndipo akavua viatu vya safari. Siku hiyo alipika supu ya kuku yenye mayai na siki, mimi nikimenya vitunguu. Mpaka leo nikinusa siki nalikumbuka jiko lile, na wanawake wawili tuliokuwa tukielewana kwa maneno machache, mengine tukisukumiana kwa viwiko.

Jioni mwanangu akaingia, akashtuka. "Mama, umempikisha mkwe?"

"Rudisha sanduku lake chumbani," nikamwambia, "na humu ndani asiitwe mgeni tena."