Amina ya Panya

Mtunza panya wa maabara moja ya Ruring'u ana vidole vinene vya mtu aliyekulia katika mashamba ya kahawa ya Gakindu, lakini humshika panya kama anashika yai. Kila asubuhi huwajulia hali, huvua kofia, kisha huvumisha puani kiwimbo kifupi cha shukrani, kwa sababu nyumbani kwao hakuna anayekula kabla ya maombi. Ndipo huwasha taa ya buluu na kumwaga chakula. Mwikali, mtafiti aliyetaka kuona panya wanavyojifunza kwamba taa ni dalili ya mlo, hakukijua kiwimbo hicho. Aliwadunga dawa inayofanya sehemu ya ubongo iliyofanya kazi ing'ae kwenye picha, wakalishwa kama kawaida, akawapiga picha. Sehemu ya kuona ilikuwa imefifia. Ya kusikia iling'aa kama duka la Krismasi.

“Mzee, unawaimbia hawa?”

“Mimi? Daktari, mimi siimbangi kazini.”

Mwikali akawasha taa mwenyewe. Hakuna aliyetikisa hata sharubu. Utafiti wa mwaka mzima ulikuwa unazama mbele ya macho yake. Mtunzaji akamwonea huruma, akavua kofia, akavumisha. Panya wote wakakimbilia sahani.

“Hiyo si kuimba,” akajitetea. “Hiyo ni kuomba.”

“Basi tunaanza upya na wengine. Hao utawaombea kimoyomoyo.”

Mtunzaji akakuna kichwa, akiwatazama walaji wake.

“Sawa, daktari. Lakini watajua aje nimefika amina?”