Taa ya Vifaranga

Leo nafuta masizi ya kioo cha taa kwa gazeti kuukuu, mwanangu analia mgongoni, namwona gazetini yule mzungu wa zamani: wakili, ofisa wa vita, mkubwa wa kampuni ya umeme, amefariki baada ya maisha marefu yenye manufaa. Manufaa! Harufu ya mafuta ya taa ikanirudisha utotoni, kwake Spring Valley, mtaa wa matajiri.

Mama alikuwa mpishi wake. Chumba chetu cha nyuma hakikuwa na umeme, lakini banda la vifaranga lilikuwa na balbu, wapate joto. Mtihani wa kuingia sekondari ulikaribia, na moshi wa koroboi ulinichoma macho. Jioni moja nikaingia bandani na daftari langu la hesabu.

Mzungu akanikuta.

"Simama sawasawa! Nani ruhusu wewe?"

"Vifaranga hawasomi, bwana."

Mama akaja mbio kutoka jikoni, akanifinya sikio. "Nyamaza wewe! Bwana mkubwa, nisamehe, huyu hana adabu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema nina kichwa cha wakili, nitafika mbali. Nikafurahi, mjinga mimi.

Kesho yake banda lilitiwa kufuli. Ndani, balbu ilikuwa inawaka.