Tonton, pasi na solaire yangu

Leo mutu asinisalimie.

Tonton, mjomba wangu, alifika jana kutoka Isangi kwa ajili ya ndoa. Asubuhi nikamuonyesha solaire yangu, umeme ya jua: taa inawaka, radio inaimba, simu zinajaa. Alors nikaenda kuoga.

Kurudi, moshi mu nyumba!

Tonton alichomeka pasi yangu ya zamani kwenye convertisseur, kile kifaa cha kutoa umeme ya solaire, eti ananyoosha shati ya ndoa. Convertisseur ile ndogo, ya taa na simu tu! Imeungua.

Yeye anasema nini? «Mutoto wangu, jua yako haina nguvu.»

Jua YANGU!

Ngojeni, haijaisha. Mara avenue nzima inapiga kelele: courant, umeme ya muji, imerudi! Kila nyumba, ila kwangu. Mimi nilikata waya ya courant ya muji mwezi uliopita, kwa kiburi, nikamucheka jirani yangu Mama Béa mbele ya watu: «Endelea kungojea courant yako!»

Tonton akabeba pasi, akaenda kwa Mama Béa. Amerudi na shati inang'aa.

Bon, semeni: nani mwenye makosa?

Lakini mujibu kwa heshima. Simu yangu inajaa kwenye prise ya Mama Béa, na kila commentaire anaisoma yeye kwanza.